Ami kaandikiwa aende kwa daktari wa meno, na kidonda kiko puani. Karatasi imekosewa?

#1 Mwana wa Gando
Assalaam alaykum wana jamvi.

Ami yangu ni mvuvi, umri sitini na kitu, mweupe wa rangi. Ana kidonda ubavuni mwa pua, pale bawa la pua linapokutana na shavu. Kilianza kipele tu kinachong'aa. Kikachubuka, kikafanya kigaga, kigaga kikibanduka kinatoa damu kidogo kisha kinajifunga. Kila kikijifunga yeye anasema kimepona. Mwaka umepita na zaidi.

Tukamlazimisha kwenda spitali. Kapigwa ganzi, kakatwa kinyama, kikapelekwa maabara, majibu yakarudi: saratani ya ngozi. Mpaka hapo tunaelewa. Sasa karatasi ya rufaa imeandikwa aende kwa "daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, uso na taya". Tukauliza ndiye nani, tukaambiwa yuko idara ya meno. Ami kacheka: "Meno yangu yaliyobaki ni mazima, na mabovu nilishayang'oa."

Nyumbani pamegawika. Baba anasema kuna kosa la mwandishi, khaloo anasema tuvuke moja kwa moja Ocean Road, ile spitali ya saratani Dar, jirani anasema tupake asali. Mwenye kujua atwambie, saratani ya ngozi na daktari wa meno wapi na wapi?

#2 Kashata
Nimekaa pale, kahawa mkononi. Waje wenye fani zao.

#3 Ngalawa77
Karatasi imekosewa, usihangaike. Mie niliwahi kuandikiwa picha ya goti la kulia na ninaumwa la kushoto. Rudini mkaulize. Ngozi ina daktari wake na meno yana daktari wake, tangu lini mtu akang'olewa pua kwa koleo?

#4 Maalim Sele
Haijakosewa. Ni uhaba tu. Wapasuaji wa kurekebisha sura ni wachache nchi nzima, Bara na visiwani. Asiyekuwepo huyo, kazi yake anapewa aliye karibu. Wahenga walisema mkosa titi la mama hata la mbwa huamwa.

#5 Kashata
Maalim umemwita daktari wa watu mbwa, na uzi hata kurasa moja haujamaliza 😂

#6 Meno32
Salaam. Mie ni daktari wa meno, si bingwa wa upasuaji, ila nimefanya kazi chini yao nikiwa mafunzoni. Nijibu kwa nijualo.

Ngalawa77 (#3), karatasi iko sawa. Jina lao lina vitu vitatu, kinywa, uso na taya, ila watu wakishasikia kinywa masikio yanaziba. Hapa kwetu huanza na shahada ya udaktari wa meno, pale MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, ni miaka 5, kisha mafunzo ya vitendo, kisha wanarudi darasani miaka mingine kusomea upasuaji wenyewe. Wakimaliza hawashindi wanaziba meno. Wanaunga taya zilizovunjika kwa ajali za bodaboda, wanashona watoto wenye mdomo sungura, wanatoa uvimbe wa taya na saratani za ulimi. Uso ndio shamba lao.

Sasa tazama pale penye kidonda cha ami. Chini ya ngozi ile upo mfupa wa taya la juu. Unapita mshipa wa fahamu unaoleta hisia za shavu na mdomo wa juu. Juu kidogo, kwenye kona ya jicho, upo mfereji wa machozi. Saratani ikichimba haitambai juu ya ngozi peke yake, inashuka huko. Anayeikata lazima awe mtu anayeweza kuifuata mpaka kwenye mfupa bila kuita mwengine katikati ya kazi.

#7 Mkaazi wa Baridi
Naongeza na la huku Uingereza. Mume wangu alitolewa saratani ya ngozi ya sikio, na aliyemtoa alikuwa bingwa wa uso na taya. Nilishangaa kama nyie, nikaambiwa kazi zao nyingi huku ni hizo hizo, ngozi ya uso, kichwa na shingo, maana wazungu wazee wanaumwa sana na jua la ujanani. Na huku wapasuaji wa sura wapo. Kwa hivyo Maalim, uhaba peke yake hautoshi kueleza.

#8 Maalim Sele
Bi Mkaazi, umesema nusu. Huko Uingereza bingwa wa fani hiyo anatakiwa awe na shahada mbili, ya meno na ya udaktari wa kawaida. Meno32 katwambia wa kwetu anaanza na ya meno tu. Basi jina ni moja, watu wawili. Nabaki na uhaba wangu.

#9 Meno32
Maalim, za Uingereza ni mbili, kweli. Marekani wako wa njia zote mbili, wengine miaka 4 bila ya udaktari wa kawaida, wengine 6 pamoja nayo. Lakini usipime mpasuaji kwa vyeti vilivyotundikwa ukutani. Muulize uso amepasua mara ngapi.

#10 Masikio Mawili
Nyote mmepotea. Pua ni ya daktari wa masikio, pua na koo. Jina lake linasema. Mbona hamjamtaja?

#11 Mkaazi wa Baridi
Masikio Mawili, na wewe una haki yako. Harold Gillies, yule wa New Zealand aliyewajenga upya nyuso askari wa vita vya 1914 mpaka 1918, kwa asili alikuwa daktari wa masikio, pua na koo. Spitali yake ilifunguliwa Sidcup mwaka 1917. Lakini pembeni yake alikuwepo daktari wa meno, William Kelsey Fry, maana huwezi kurudisha shavu mahali pake kama taya chini yake imesambaratika. Mie nadhani ndipo watu wa meno walipoingilia uso, wakakaa hapo hapo.

#12 Masikio Mawili
Ahsante. Kumbe sisi ndio wenye nyumba, wao wapangaji.

#13 Ngalawa77
Haya, tuseme karatasi iko sawa. Mie sasa nina shaka na ugonjwa wenyewe. Saratani ya ngozi ni maradhi ya wazungu. Sisi jua tumezaliwa nalo, babu zetu wamevua Kojani uchi wa mgongo, nani kafa kwa jua?

#14 Reggae Forodhani
Bob Marley alikuwa mzungu? Alifariki Mei 11, 1981, ana miaka 36, kwa saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu.

#15 Ngalawa77
Ile ilikuwa jeraha la mpira! Alikanyagwa uwanjani. Hata mtoto anajua.

#16 Bi Muuguzi Mstaafu
Wanangu, shikamooni kwa niaba ya wasioamkia. Nimefanya kazi wodini ujana wangu wote, niacheni nitenganishe hapa, maana mnachanganya maradhi matatu.

La Bob Marley ni melanoma, saratani ya seli zinazotia ngozi rangi. Kwa sisi weusi hupenda kutokea nyayoni, viganjani na chini ya kucha, mahali ambapo jua halifiki. Kuumia mpirani kulifanya kidole kitazamwe, lakini kuumia ndiko kulikoleta saratani? Hapo madaktari hawajaniridhisha mpaka leo. Nijualo ni kwamba aliambiwa akatwe kidole akakataa, wakaondoa ukucha na nyama ya chini yake wakapandikiza ngozi.

La pili linaanzia kwenye seli za juu za ngozi, linafanya kidonda kigumu, chenye kingo zilizopinduka, linanuka likikaa. Hili ndilo linalowamaliza ndugu zetu wenye ualbino, usoni, masikioni, shingoni, wengine hawafiki miaka arubaini. Na kwa weusi wenzangu hutokea kwenye makovu ya moto ya zamani na vidonda vya mguu visivyopona. Mtu kaungua na uji mtotoni, uzeeni kovu linafumuka. Ngalawa, hao nimewaosha kwa mikono yangu, usinambie ni ya wazungu.

La tatu ni lile la kipele kinachong'aa. Hilo ndilo la wazungu zaidi, lakini weupe wetu wa mwambao nao hawakusalimika.

#17 Kashata
Marahaba Bi Mkubwa. Yaani shikamoo.

#18 Bi Mwani
Mie nalima mwani kusini Unguja. Kila siku tunaambiwa maji yanapoza, hayaunguzi. Mjukuu wangu kanisomea kwenye simu kuwa Shirika la Afya Duniani linasema mionzi ya jua nusu mita ndani ya maji bado ina asilimia 40 ya ile ya juu, na mchanga unairudisha kiasi asilimia 15. Basi sie tunapigwa juu na chini. Wenzangu wengine wanapaka liwa usoni kabla ya kuingia majini. Je liwa inazuia?

#19 Meno32
Bi Mwani, liwa ikikauka nene inakingia kidogo, ila ikishalowa haipo. Nguo na kivuli ndio msingi. Na hapa niwaseme wanaume wenzangu: kofia ya kiua inafunika utosi tu, pua na masikio yamebaki nje yanachomeka. Kofia ya ukili yenye ukingo mpana mnaona ya washamba. Nendeni mkaangalie saratani za usoni zinatokea wapi. Pua, juu ya sikio, mdomo wa chini.

#20 Dada wa Michenzani
Hakuna aliyetaja mkorogo? Wapo madaktari wa Senegal walioandika juu ya wanawake waliojichubua miaka mingi wakapata saratani ya ngozi. Ukishaiondoa rangi yako umevua koti kwenye mvua.

#21 Ngalawa77
Ami wa watu mvuvi, hajichubui. Tusimpake mkorogo asioujua.

#22 Dada wa Michenzani
Nimesema kwa wote. Jua peke yake halielezi kila kidonda, Bi Muuguzi kakwambia nyayo hazioni jua.

#23 Pweza Mkavu
Mleta uzi tupia picha tuone.

#24 Msimamizi
Picha za wagonjwa haziwekwi hapa. Pweza Mkavu, ni onyo.

#25 Mwana wa Gando
Shukran nyote, nimewasomea wazee, wamenyamaza kidogo. Suali langu ni hili sasa: akikatwa, pua itabaki? Ami hasemi, lakini najua ndicho anachokiogopa. Anakaa barazani na wenzake kila jioni.

#26 Shemeji wa Wete
Hapa niseme mie, maana tumeyapitia. Shemeji yangu alikuwa na kidonda ncha ya pua, kikubwa kuliko cha huyo. Walichonga karatasi laini kwa umbo la kidonda, wakaiweka juu ya paji la uso, wakachora kwa kalamu ya wino wa zambarau. Kisha wakakata ngozi ya paji kwa mchoro ule, bila kuikata yote. Sehemu ya chini, karibu na nyusi, waliiacha imeshikamana ili damu iendelee kupita. Wakaigeuza ikateremka mpaka puani wakaishona.

Sasa alirudi nyumbani na ile ngozi inapita katikati ya macho, imefungwa bendeji. Watoto walimkimbia. Baada ya wiki 3 hivi akarudi, wakaona ngozi imeota mizizi puani, ndipo wakaikata ile shina. Leo ukikaa naye mbali hujui. Karibu unaona kovu la paji, na pua ina unene kidogo upande mmoja. Aliyemfanyia? Bingwa wa kinywa, uso na taya, Dar.

#27 Bi Muuguzi Mstaafu
Upasuaji huo ni wa Wahindi, tangu zama na zama. Waingereza wameusoma gazetini London mwaka 1794 wakabaki kushangaa.

#28 Meno32
Shemeji wa Wete kaeleza vizuri. Mwana wa Gando, cha ami kwa ulivyokieleza kiko ubavuni, pengine wataazima ngozi ya shavu, kwenye ule mstari wa kutoka puani kwenda mdomoni, kovu linajificha ndani ya kunjo. Wazee wana ngozi ya ziada pale, ni neema. Au wataweka kiraka cha ngozi kutoka nyuma ya sikio.

Kikubwa kwanza kitoke chote. Kwa kidonda kidogo chenye mipaka ya wazi mpasuaji hukata na milimita 4 hivi za ngozi nzima kuzunguka, kikubwa au kisicho na mpaka anaongeza. Nyama ile haitupwi. Wanaishona nyuzi mbili, fupi upande wa juu, ndefu upande wa pembeni, inakwenda maabara ndani ya dawa. Maabara wakisema "ukingo wa chini bado una saratani", uzi ndio unawaonesha chini ni wapi. Mara nyengine wanasubiri majibu hayo kabla ya kujenga pua. Msije mkalalamika kaachwa wazi.

#29 Khaloo Mwenyewe
Mie ndiye khaloo wa #1, nimeletewa uzi. Kwa nini asipigwe mionzi Ocean Road tukaachana na visu? Ile ni taasisi ya saratani, imeundwa kwa kazi hiyo tangu 1996.

#30 Meno32
Karibu mzee. Mionzi ni tiba kweli, na wako wanaofaa zaidi kwa mionzi kuliko kisu, mfano mzee asiyeweza kuhimili upasuaji. Lakini kidonda kidogo kinachokatika, kisu kinamaliza kazi na unapata nyama ya kupima kingo. Mionzi haikupi nyama.

Na huko huko Ocean Road, mtu akipangiwa mionzi ya kinywa au taya, hukaguliwa meno kwanza. Mabovu yanang'olewa kabla. Mfupa wa taya ukishapigwa mionzi hauponi vizuri, ukija kung'oa jino baadaye unaweza kuoza.

#31 Maalim Sele
Kumbe! Sasa mantiki ya idara ya meno naiona kwa mlango wa nyuma. Lakini bado sijatoka kwenye uhaba.

#32 Khaloo Mwenyewe
Ikienda kwenye tezi je?

#33 Bi Muuguzi Mstaafu
Zile za usoni na utosini zikisafiri hupita tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, kisha tezi za shingo. Ndani ya tezi ile ya mate unapita mshipa wa fahamu unaoendesha uso. Ukiguswa vibaya, jicho halifumbi na mdomo unakwenda upande. Hapo ndipo utamtaka mtu wa uso hasa, awe wa meno, wa masikio, wa nini, sijali.

#34 Masikio Mawili
Wa masikio.

#35 Dawa za Shamba
Utomvu wa papai changa, asubuhi na jioni. Unakula nyama mbovu yote. Nimeona.

#36 Bi Muuguzi Mstaafu
Unakula juu, mwanangu, chini inaendelea. Kinafunga, kinang'aa, familia inafanya sadaka, mwaka wa pili kimetokea kwenye kona ya jicho. Na asiyejua hawezi tena kuona mpaka wake uko wapi.

#37 Dawa za Shamba
Spitali nazo zinakata, zinarudi kukata. Tofauti iko wapi?

#38 Pweza Mkavu
Nje ya mada: boti ya Pemba wakati huu wa kusi ikoje? Nina mgonjwa wa kutapika.

#39 Kashata
Akae nyuma, katikati, chini. Na asile urojo kabla.

#40 Mwana wa Gando
Mrejesho kidogo. Ami kakubali kwenda, lakini anataka bamvua hili lipite kwanza, anasema samaki hawasubiri. Karatasi ya majibu nimeisoma tena, jina refu la Kilatini linaanzia na B. Kuna ubaya akichelewa?

#41 Meno32
Ikiwa ndiyo ile ya B, basal cell carcinoma, basi ni ile ya tatu ya Bi Muuguzi. Inakwenda taratibu na ni nadra sana kusafiri mwilini. Bamvua moja halimuui. Ila apate tarehe mkononi kabla hajaingia baharini, na kofia ya ukingo.

#42 Bi Muuguzi Mstaafu
Meno32 umempa ruhusa, mie nisingempa. Mvuvi akishasema bamvua hili, yuko njiani kusema na lijalo. Haisafiri, sawa, lakini inakula pale pale, na pale ni karibu na jicho. Mwaka mzima keshakula nao.

#43 Maalim Sele
Naungana na Bi Muuguzi. Na huyo bingwa akiwa hayupo wiki hiyo? Ndio uhaba nilioanza nao.

#44 Mzee wa Kiko
Samahanini naingilia. Mie sina kidonda cha pua. Mdomo wangu wa chini upande mmoja umefanya gamba jeupe, navuta kiko tangu ujana na ni mweupe kidogo. Nifungue uzi wangu au nikae humu?

#45 Meno32
Kaa humu mzee wangu. Ukiligusa ni gumu? Lina muda gani?

#46 Mzee wa Kiko
Gumu kidogo. Mwezi wa pili huu. Lakini niseme kweli, sindano ya mdomo naiogopa kuliko hayo mliyoyataja yote.

#47 Meno32
Mdomo wa chini ni mahali pabaya kupasubirisha, na gamba likivuka wiki 3 linatakiwa kuonwa. Nenda wiki hii, likatwe kinyama.

#48 Kashata
Na kwa sindano ya mdomo, mzee, hapo ndipo utakapowapenda watu wa meno. Wanapiga kutwa nzima.